Kutumia data ya simu kwenye kompyuta: kwa Wi-Fi, kwa waya na kwa Bluetooth

Simu yenye laini na bando inaweza kuipa kompyuta intaneti bila modemu wala ruta nyingine. Kuiwasha ni kazi ya dakika moja. Kinachowasumbua watu huja baadaye: bando la GB 5 linakwisha kabla jua halijazama, au kompyuta inadai imeunganishwa huku hakuna ukurasa unaofunguka. Kwa hiyo hapa tutapita haraka kwenye kuwasha, halafu tutakaa kwenye hayo mawili.

Weka picha hii kichwani, maana utairudia kila kitu kinapogoma. Safari ya data ina vipande vitatu: kutoka mnarani hadi kwenye simu, kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta, kisha ndani ya kompyuta yenyewe, ambako programu zinagombania kilichofika. Simu inajua kwamba bando lina mwisho. Kompyuta haijui, mpaka uiambie.

Kabla ya kuanza

Zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, fungua tovuti ambayo hujaifungua siku nyingi. Ikifunguka, kipande cha kwanza kiko sawa. Isipofunguka, usiiguse kompyuta kwanza. Tatizo liko kwenye bando, kwenye laini au kwenye mnara. Kwa simu ya laini mbili, hakikisha laini iliyochaguliwa kwa data ndiyo yenye bando.

Soma pia masharti ya kifurushi. Vipo visivyoruhusu kugawa intaneti kwa kifaa kingine, na vipo vinavyotenga kiasi fulani tu kwa ajili ya kugawa. Kifurushi cha mitandao ya kijamii peke yake hakiifai kompyuta, kwa sababu masasisho na tovuti za kawaida hazimo ndani yake.

Njia ipi?

Ukikaa mezani zaidi ya saa moja na kompyuta ni moja, tumia waya wa USB. Muunganisho hautetereki, simu inapata chaji, na hakuna jirani anayeuona mtandao wako. Wi-Fi inafaa vifaa vikiwa viwili au zaidi, au unapohamahama, lakini inakula betri na kuipasha simu joto. Bluetooth ni ya polepole: hata kwenye karatasi haizidi Mbps 3 (megabiti kwa sekunde), na kwa matumizi halisi huwa chini ya Mbps 2. Yatosha kwa barua pepe na maandishi, na ndiyo isiyoichosha sana betri.

Kwa Wi-Fi

Kwenye Android:

1. Fungua Mipangilio, ingia Mtandao na intaneti, kisha Mtandaopepe na kusambaza mtandao (mtandaopepe ndio hotspoti). Kwenye Samsung sehemu hiyo iko chini ya "Connections".
2. Usiwashe bado. Ingia kwenye Mtandaopepe wa Wi-Fi, badilisha jina na nenosiri. Jina lisiwe lako halisi wala aina ya simu yako. Nenosiri halikubaliki likiwa chini ya herufi 8; weka 12 au zaidi.
3. Kwenye usalama chagua WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2/WPA3. Ukichagua WPA3 pekee, kompyuta ya zamani itashindwa kuunganishwa hata nenosiri likiwa sahihi.
4. Chagua bendi, yaani masafa ya Wi-Fi. GHz 5 ina kasi zaidi na haina msongamano, ila ukuta mmoja wa tofali huidhoofisha. GHz 2.4 inafika mbali, na ndiyo pekee inayoonekana na kompyuta nyingi za zamani.
5. Washa. Kwenye kompyuta bofya alama ya Wi-Fi, chagua jina uliloweka, andika nenosiri.

Kwenye iPhone fungua "Settings", kisha "Personal Hotspot", washa "Allow Others to Join". Nenosiri liko papo hapo. Jina la mtandao ni jina la simu yenyewe, nalo hubadilishwa kwenye "General", "About", "Name". Kuanzia iPhone 12 kuna swichi ya "Maximize Compatibility", inayoishusha hotspoti kwenye GHz 2.4, iwashe ikiwa kompyuta haioni jina. Acha ukurasa huo wa "Personal Hotspot" ukiwa wazi kwenye kioo mpaka kompyuta iingie mara ya kwanza, kwa sababu iPhone huacha kujitangaza baada ya muda mfupi isipopata mteja.

Kwa waya wa USB

Waya wenyewe ndio chanzo cha kwanza cha malalamiko. Nyaya nyingi za bei nafuu zina njia za umeme tu, hazina zile mbili za kubeba data. Simu itaonyesha inachaji, nawe utaamini kila kitu kiko sawa. Kipimo ni rahisi: jaribu kunakili picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Zisiponakilika, huo ni waya wa chaji, tafuta mwingine.

Ukishapata waya sahihi, chomeka moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, si kwenye kigawanyo. Kwenye Android rudi Mtandaopepe na kusambaza mtandao, washa Kusambaza mtandao kupitia USB. Swichi hiyo hubaki imefifia mpaka simu itambue kompyuta, kwa hiyo chomeka kwanza, washa baadaye. Windows itajiwekea draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) ndani ya sekunde chache na muunganisho utajitokeza kama Ethernet, yaani mtandao wa waya. Linux haihitaji chochote. Utauona kwa jina usb0 au jina linaloanza na enx. Zima Wi-Fi ya kompyuta ili usichanganye njia mbili.

Ukichomoa waya, swichi inajizima, na ukichomeka tena ni lazima uiwashe upya. Ukitaka iwake yenyewe, simu za Android 10 na kuendelea zina mpangilio wa chaguo-msingi la USB ndani ya menyu ya wasanidi programu. Uweke kwenye kusambaza mtandao. Menyu hiyo hufunguka ukigusa nambari ya muundo mara 7 kwenye ukurasa wa Kuhusu simu.

Mac ni habari nyingine. Simu nyingi za Android hutumia itifaki ya RNDIS, ambayo macOS haina draiva yake, kwa hiyo waya utachaji simu na intaneti isipite. Usipoteze jioni nzima kutafuta tiba: tumia Wi-Fi. iPhone kwenye Mac haina shida hiyo. iPhone kwenye Windows inahitaji kwanza programu ya iTunes au Apple Devices, kwa kuwa ndiyo inayoleta draiva, halafu ubonyeze "Trust" simu inapouliza kama inaiamini kompyuta.

Kuna faida ya waya ambayo wengi hawaijui: simu ya Android ikiwa kwenye Wi-Fi, kusambaza kwa USB hupitisha Wi-Fi hiyohiyo kwenda kwenye kompyuta. Ndiyo njia ya kuiokoa kompyuta uliyoiwekea mfumo upya ikakosa draiva ya Wi-Fi. Chomeka simu, pakua draiva, chomoa.

Kwa Bluetooth

Oanisha simu na kompyuta, kisha kwenye simu washa Kusambaza mtandao kwa Bluetooth. Kuoanisha peke yake hakuleti intaneti, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwenye Windows fungua "Devices and Printers", bofya kwa kitufe cha kulia kwenye picha ya simu, chagua "Connect using", kisha "Access point".

Simu ndogo ya vitufe isiyo na hotspoti nayo inaweza kutumika ikiwa ina modemu ndani: kompyuta huipigia nambari *99# kupitia USB au Bluetooth, baada ya kuiwekea APN (jina la lango la intaneti) ya kampuni ya simu. Kasi itakuwa ya 2G au 3G.

Kuizuia kompyuta isimeze bando

Hapa ndipo penye kazi. Kompyuta ikiona Wi-Fi au Ethernet huchukulia kwamba iko kwenye mtandao usio na kikomo. Ndani ya dakika chache Windows inaanza kupakua masasisho, ambayo toleo jipya lake hufika GB kadhaa. Hifadhi ya mtandaoni inapandisha picha ulizonakili jana. Kivinjari kinafungua upya vichupo 20 vya wiki iliyopita. Tovuti nazo hutuma kurasa na picha kubwa zaidi kwa sababu kioo ni kikubwa. Wewe hujagusa chochote.

Dawa ya kwanza kwenye Windows ni kuutangaza mtandao kuwa wa kulipia. Fungua "Settings", "Network & internet", chagua Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao uliounganishwa, washa "Metered connection". Kwa waya, swichi ni hiyohiyo lakini iko chini ya Ethernet. Angalia vizuri: mpangilio huu hushikamana na mtandao mmoja. Ukibadilisha jina la hotspoti au ukihama kutoka Wi-Fi kwenda waya, lazima uuwashe tena. Watu hufanya hivyo mara moja kwenye Wi-Fi, siku wakitumia waya bando linaondoka, nao wanadhani mpangilio haufanyi kazi.

Dawa ya pili iko kwenye "Windows Update", "Advanced options", "Delivery Optimization". Zima ruhusa ya kupakua kutoka kompyuta nyingine. Ikiachwa wazi kwa kompyuta za intaneti, yako inaweza kuwatumia wengine vipande vya masasisho kwa bando lako.

OneDrive husimama yenyewe kwenye mtandao wa kulipia. Google Drive, Dropbox na programu za michezo usizitegemee kufanya hivyo. Zisimamishe kwa mkono kabla ya kuunganisha, si baada.

Kwenye Mac, fungua maelezo ya mtandao huo wa Wi-Fi ndani ya mipangilio, washa "Low Data Mode", kisha zima upakuaji wa masasisho ya kiotomatiki na usitishe iCloud Photos. Kwenye Ubuntu kuna swichi ya mtandao wa kulipia ndani ya sifa za muunganisho, lakini vifurushi vya programu vya aina ya snap hujisasisha kwa ratiba yao. Visimamishe kwa amri `sudo snap refresh --hold`, uviachie tena kwa `sudo snap refresh --unhold` utakapopata mtandao mpana.

Halafu hesabu. Mkondo wa Mbps 1 unaopita bila kukatika hula MB 450 kwa saa, kwa sababu baiti moja ni biti 8 na saa ina sekunde 3,600. Kariri namba hiyo, mengine utayapata kwa kuzidisha. Video ya 1080p inayopita kwa Mbps 5 ni GB 2.25 kwa saa. Ileile ukiishusha hadi 480p, kwa takriban Mbps 1, ni chini ya nusu GB. Mkutano wa sauti tupu wa Kbps 80 ni MB 36 kwa saa; ukiwasha kamera, matumizi yanapanda mara kumi hadi ishirini. Ndiyo maana kuzima kamera kunaokoa zaidi ya hila nyingine yoyote ya mkutanoni. Weka ubora wa video kwa mkono, kwa kuwa ubora wa kiotomatiki hupanda kadiri mtandao unavyoruhusu.

Pima pia. Windows huonyesha matumizi ya kila programu kwenye "Data usage" ndani ya mipangilio ya mtandao. Tazama ukurasa huo baada ya saa moja ya kwanza, utamwona mwizi kwa jina. Kwenye simu ya Android weka onyo na kikomo cha data. Kikomo hicho kikifikiwa data inakatwa kabisa, kwa hiyo kiweke chini kidogo ya bando lenyewe, kwani hesabu ya simu na ya kampuni hazilingani kikamilifu.

Kasi na mawimbi

Kompyuta ikiwa mita 2 kutoka kwenye simu, kipande cha simu hadi kompyuta ni nadra kuwa kikwazo. Kikwazo ni mnara. Mawimbi ya 4G hupimwa kwa dBm: karibu na -80 ni mazuri sana, -100 ni ya wastani, -110 ni dhaifu, na chini ya -120 usitegemee kitu. Kwenye Android utayaona ndani ya Kuhusu simu, kwenye hali ya SIM. Mistari iliyo juu ya kioo si kipimo cha kuaminika; kila mtengenezaji huichora anavyotaka.

Sogeza simu dirishani, iinue juu ya rafu, iondoe kwenye kabati la chuma na nyuma ya kompyuta. Mita moja inaweza kubadilisha dB 10, ambayo ni nguvu mara kumi. Hapa Wi-Fi na waya mrefu wa USB vina thamani: simu inakaa penye mawimbi, wewe unakaa penye meza. Usiiweke juani tu. Simu inayogawa intaneti huku ikichaji hupata moto yenyewe, na ikizidi hupunguza kasi, husimamisha kuchaji, na mwishowe huzima hotspoti. Vua kava. Tundu la USB 2.0 hutoa mA 500, la USB 3.0 mA 900, kwa hiyo kwenye kazi nzito chaji inaweza kushuka polepole hata simu ikiwa imechomekwa. Hiyo si dalili ya betri mbovu.

Ikigoma

Swichi ya hotspoti haikubali kuwaka. Angalia Kiokoa Data kwenye Android. Kikiwa kimewashwa, kusambaza mtandao kunazuiwa. Kwenye iPhone, sehemu ya "Personal Hotspot" ikitoweka kabisa, fungua mipangilio ya mtandao wa data ya simu na ujaze APN kwenye nafasi ya hotspoti. Ikiwa nafasi hiyo haipo, uliza kampuni ya simu kama kifurushi chako kinaruhusu.

Kompyuta haioni jina. Mara nyingi ni bendi ya GHz 5; shusha hadi 2.4. Ikiwa ilikuwa inaonekana ikapotea, hotspoti imejizima kwa kukosa mtumiaji. Zima mpangilio wa kujizima kiotomatiki, ila ukumbuke kuizima mwenyewe ukimaliza.

Imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Fuata vipande kwa mpangilio. Simu inafungua tovuti? Kama ndiyo, fungua kidirisha cha amri kwenye Windows, andika `ipconfig`. Anwani ikianza na 169.254, simu haijaipa kompyuta anwani; zima hotspoti, washa tena, kisha `ipconfig /renew`. iPhone kwa kawaida hutoa anwani zinazoanza na 172.20.10, Android nyingi 192.168.

Anwani ikiwa nzuri, andika `ping 8.8.8.8`. Ikijibu na tovuti bado hazifunguki, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: andika `ipconfig /flushdns`, au weka DNS ya 1.1.1.1 kwa mkono. Angalia pia kama kompyuta imebaki na proksi (kompyuta ya kati inayopitisha data) ya ofisini. Ikishatoka kwenye mtandao ule, proksi hiyo haifikiki na kivinjari kinasubiri bure. Ping isipojibu kabisa wakati simu yenyewe inafanya kazi, fungua APN kwenye Android uangalie aina ya APN. Baadhi ya simu huhitaji neno dun liwemo, kwa mfano `default,supl,dun`, kwa kuwa ndilo linaloruhusu data ya kifaa kingine.

Tovuti zote zinalalamika kuhusu cheti cha usalama. Tazama tarehe ya kompyuta. Iliyokaa muda mrefu bila umeme hurudi mwaka wa nyuma, na kwa tarehe hiyo vyeti vyote huonekana batili.

Inakatika kila baada ya dakika chache. Zima kiokoa betri kwenye simu. Kwa waya, jaribu tundu jingine, na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows zima usitishaji wa USB. Ikikatika kila unapopigiwa simu, laini yako haipigi simu kupitia 4G, hivyo mazungumzo yanaishusha simu hadi 3G au 2G, na kwenye 2G data husimama mpaka ukate. Washa VoLTE (kupiga simu kupitia 4G) kwenye mipangilio ya laini ikiwa simu na kampuni zote mbili zinaikubali. Kama hazikubali, na una mkutano muhimu, elekeza simu zinazoingia kwenye nambari nyingine kwa muda huo.

Na ikiwa unatumia VPN (njia ya siri ya kupitishia data) kwenye simu ya Android, jua kwamba kwa kawaida haiifuniki kompyuta iliyounganishwa. Data ya kompyuta hupita pembeni yake. Iweke kwenye kompyuta yenyewe.